Sista Kwanza: Maisha ya Muuguzi Aliyedai Kuambiwa Mumewe Alipo

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wenzake wa hospitali, na ninyi mliosafiri usiku kucha ili kuwa nasi, familia imenipa mimi, mdogo wake, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kwa mpangilio wake, tangu kuzaliwa hadi alfajiri ya Jumatano iliyopita. Kabla sijaanza naomba mnielewe jambo moja. Neno "marehemu" leo linamhusu dada yetu peke yake. Nitakapofika kwa mumewe hamtalisikia, na hilo si kusahau kwangu, ni agizo la dada.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Juni 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba aliyekuwa fundi wa reli na mama aliyeuza mboga kwenye kibanda mbele ya nyumba hiyo hiyo. Alitanguliza miguu, na mkunga aliyemzalisha alitoka nje akamwambia baba kwamba mtoto huyu amekuja kukagua njia kwanza, mzaha ambao baba aliurudia katika kila sherehe ya familia hadi alipofariki.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Siku ya kugawiwa madaftari jina lake halikuwamo katika orodha ya darasa, mwalimu akamwambia arudi nyumbani, naye hakulia wala hakubisha, alisimama dirishani pa ofisi akauliza ni nani mwenye uwezo wa kuliandika. Akaambiwa ni mwalimu mkuu, akauliza mwalimu mkuu anarudi lini, akaambiwa mchana, akangoja mchana. Mama yetu alipoisikia habari hiyo alisema huyu hatapotea. Aliendelea na masomo ya sekondari katika shule ya wasichana ya bweni, na mwaka 1975 akachaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, alikohitimu mwaka 1978 akiwa wa pili katika darasa lake, nafasi aliyoitaja kila mara kwa kuongeza kwamba wa kwanza alikuwa na saa ya mkononi na yeye hakuwa nayo.

Mwaka huo huo aliajiriwa katika hospitali ya mji wetu, akapangiwa mapokezi, na hapo ndipo alipokaa hadi kustaafu mwaka 2016, isipokuwa vipindi vifupi vya wodi ya wazazi. Wengi wenu mmepita mbele ya meza yake. Kulikuwa na benchi refu la mbao, mizani ya kupimia watoto, pazia la kijani lililokosa ndoano mbili, na yeye nyuma ya meza, akitazama watu kabla ya kuwasikiliza. Kila aliyeingia akipiga kelele alijibiwa maneno mawili, "Kwanza kaa," na kutokana na maneno hayo mji mzima ulimwita Sista Kwanza, hata watoto wake shuleni waliitwa watoto wa Kwanza. Wenzake wanakumbuka mfanyabiashara mmoja aliyeingia ameshika kidole kilichoteguka akilia, "Sista, nakufa!" naye akamjibu, "Kwanza kaa, baba. Anayekufa hana sauti kama hiyo," kisha akampita, akaenda kumwinua mwanamke aliyekuwa ameegemea ukuta bila kusema lolote, na huyo mwanamke ndiye aliyeingizwa chumba cha upasuaji asubuhi ile. Wauguzi wapya aliwafundisha hivyo, kwamba mwenye kupiga kelele bado ana pumzi, watafute aliyenyamaza.

Ni katika meza hiyo alipokutana na mumewe, kijana fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha chupa, aliyefika mara ya kwanza macho yamevimba kwa mwanga wa kazi yake, akatibiwa, akarudi wiki iliyofuata, akarudi tena. Mara ya tatu marehemu alimwambia, "Kijana, macho yako mazima. Unaumwa nini sasa?" Naye akajibu, "Sista, macho ndiyo yamenileta, lakini siyo yanayouma." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Septemba 1981, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1983, wa kike aliyezaliwa mwaka 1986, na kitinda mimba, wa kike pia, aliyezaliwa mwaka 1990, nao wote wapo hapa mbele yenu, pamoja na wajukuu watano.

Shemeji yetu huyo alichaguliwa kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi pale kiwandani, na tangu hapo kila mtu alimwita Katibu, hata mkewe. Mwezi Machi 1993 wafanyakazi waligoma kudai miwani ya kukinga macho, baada ya wenzao wawili kupofuka, na Jumanne tarehe 16, saa ya kubadilishana zamu, gari la kijivu lilisimama getini, wakashuka watu wawili, mmoja akamwonyesha bawabu kitambulisho cha polisi, wakamwomba Katibu aingie. Katibu alimpa bawabu kopo lake la chakula akasema, "Mpelekee mama watoto, mwambie nimechelewa kidogo." Bawabu alilileta jioni hiyo. Kopo hilo limekaa juu ya kabati la jikoni hadi leo.

Marehemu alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, na mtoto wa mwisho alikuwa hajafikisha miaka mitatu. Kesho yake alikwenda kituo cha polisi akiwa amevaa sare ya kazi, askari wa kaunta akamwambia, "Huyo mtu hayupo kwetu, mama," naye akajibu, "Sijauliza kama yupo. Nimeuliza nani alimchukua." Alikwenda vituo vingine, akaenda gereza la wilaya na gereza la mkoa, na kwa kuwa alikuwa muuguzi alifunguliwa pia vyumba vya maiti, akaangalia mwenyewe. Mwezi Aprili alifungua maombi mahakama kuu, akiomba serikali iamriwe kumleta mumewe mbele ya jaji, akiwa hai au vinginevyo.

Maombi hayo yalikaa mahakamani miaka kumi na saba. Jaji alihamishwa, faili halikuonekana, faili likaonekana lakini wakili wa serikali alikuwa na udhuru, jaji mwingine akastaafu, na kila mara marehemu alibadilishana zamu na wenzake, akapanda basi, akaketi kwenye benchi la mahakama, akapewa tarehe nyingine, akarudi kazini. Mwaka 2010 maombi yalitupwa kwa maelezo kwamba hakuna ushahidi kuwa serikali ilikuwa na mtu huyo. Alikata rufaa, na mwezi Juni 2013 rufaa nayo ikatupwa.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo lililotokea katikati ya miaka hiyo ambalo baadaye karibu lifunge mlango. Mwaka 2001 mdogo wake Katibu, shemeji yetu fundi cherehani ambaye wengi mnavaa nguo alizoshona, na ambaye ameniruhusu kulisema hili mbele yenu, alichoka kumsubiri kaka yake bila kumlilia. Aliwaita watu nyumbani kwake, wakafanya sala, wakala, wakatawanyika, na wiki iliyofuata akalipia tangazo la shukrani gazetini, lenye picha ya Katibu na maneno tunayoyajua sote, "Familia ya marehemu inatoa shukrani kwa wote walioshiriki." Hakuwa na nia mbaya. Marehemu alikuwa zamu siku ya sala, na hakumkataza mtu, lakini alipoona gazeti alikwenda nalo hadi kwenye kibanda cha ushonaji, akaliweka juu ya cherehani, juu ya suruali iliyokuwa inashonwa.

"Shemeji, umemzika wapi?"

"Nani, shemeji?"

"Huyu hapa. Umeandika marehemu. Nimekuja unionyeshe kaburi."

"Mimi nimeomba tu, shemeji. Nimechoka."

"Hata mimi nimechoka. Lakini ukishajua alipo ndipo uandike hivi."

Hawakusalimiana hadi sikukuu za mwisho wa mwaka, wakati fundi alipotuma sare za shule za watoto wote watatu, zimepigwa pasi, bila ujumbe wowote, na marehemu akamtumia chai kwenye chupa, bila ujumbe wowote pia, wakawa wamepatana.

Rufaa ilipotupwa mwaka 2013, jamaa wengi walimwambia kwamba sasa ameshafanya yote, na mwanawe mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kazi katika ofisi ya serikali, alimwomba waziwazi, "Mama, tuache. Wanangu nao wanahitaji kulala." Marehemu hakumkasirikia. Alimwambia atalala, lakini hajaona kama yote yamefanyika. Ndipo alipomtafuta wakili, mwanamke aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la viatu, ambaye yupo nasi leo, naye akamweleza habari ya mahakama ya kanda ya haki za binadamu, inayosikiliza mashauri ya wananchi dhidi ya nchi zao wenyewe, pale nchi zinapokuwa zimekubali.

Wakili alikuja nyumbani jioni moja kueleza familia nzima. Alisema mahakama hiyo haianzi kwa kuuliza nani ana haki. Inaanza kwa kuuliza kama ina mamlaka, yaani kama nchi inayoshtakiwa ilikubali kushtakiwa mbele yake, kama jambo linahusu haki zilizomo katika mkataba ambao nchi ilitia saini, kama lilitokea katika ardhi ya nchi hiyo, na kama lilitokea baada ya nchi kujifunga. Ikishajiridhisha, inauliza kama shauri lenyewe linafaa kupokelewa, kama mlalamikaji amejitaja, kama ameandika bila matusi, kama hakutegemea habari za magazeti pekee, kama alimaliza kwanza mahakama za nyumbani, kama hakukaa mno baada ya hapo, na kama jambo halijaamuliwa kwingine. Likikwama popote, linaishia hapo, hata kama aliyelileta amedhulumiwa kweli.

Kitinda mimba alisimama kwa hasira. "Yaani baba achukuliwe, halafu sisi ndio tuulizwe kama tumeingia mlango sahihi?"

"Keti, mwanangu," mama yake akamwambia. "Mimi nimewauliza watu hivyo tangu kabla hujazaliwa, na hakuna hata mmoja niliyemwambia haumwi."

Maombi ya kwanza aliyaandika mwenyewe akisaidiwa na fundi cherehani, na wakili alipoyasoma alivua miwani, akapangusa macho, akasema kazi ni nzuri ila mkuu wa polisi wa enzi zile ameitwa fisi mara nyingi mno.

"Mara ngapi ndiyo inaruhusiwa?" marehemu akauliza.

"Hata moja, mama. Wakiona matusi wanaweza kulitupa shauri zima."

"Hilo fisi ndilo neno la adabu nililobaki nalo. Hujasikia mengine."

"Naamini. Tuandike 'mjibu maombi'."

Marehemu alifikiri, kisha akasema, "Andika. Nikisoma nitajua mwenyewe ni nani." Waliondoa pia mafungu ya magazeti ambayo familia ilikuwa imeyatunza, yakabaki kama viambatisho vya nyuma, na mahali pake pakawekwa maelezo ya bawabu yaliyochukuliwa kwa kiapo, pamoja na mwenendo wa mahakama kuu tangu tarehe ya kwanza hadi ya mwisho. Shauri lilifunguliwa Jumatatu tarehe 3 Februari 2014.

Mwaka uliofuata nchi yetu iliondoa kibali kilichoruhusu wananchi kwenda mbele ya mahakama hiyo moja kwa moja, na simu zikaanza kupigwa nyumbani kumpa pole. Alizijibu kwa namna moja, kwamba hospitali ikifunga mapokezi saa kumi, aliyekuwa kwenye benchi saa kumi anatibiwa. Baadaye mahakama ilisema jambo hilo hilo kwa maneno yake, kwamba kibali kikiondolewa kinawazuia wanaokuja baadaye, hakimtoi aliyekwisha kuingia. Serikali ilileta mapingamizi mengine. Ilisema mahakama inaombwa kujifanya mahakama ya rufaa juu ya majaji wa nchi huru, ilisema mwombaji alikuwa na njia nyingine za ndani ambazo hakuzitumia, ilisema amechelewa. Lakini pingamizi lililotunyima usingizi lilikuwa moja, lile la wakati. Katibu alichukuliwa mwaka 1993, na nchi ilijiunga na mahakama hiyo mwaka 2005, kwa hiyo, kama tendo lilianza na kuisha siku ile pale getini, mahakama haikuwa na uwezo wa kuligusa. Wakili wetu alijibu kwamba mtu akichukuliwa na dola na dola ikakataa kusema alipo, tendo halijaisha, linaendelea kila siku ambayo familia haijaambiwa.

Usikilizaji wa mapingamizi ulifanyika Jumanne tarehe 14 Mei 2019. Marehemu alisafiri na wanawe wawili wa kike na fundi cherehani, mwanawe mkubwa akabaki, na walikaa katika safu ya pili ya chumba chenye mazulia ya bluu na vifaa vya kusikilizia tafsiri masikioni, ambavyo fundi alivivaa hata wakati wa mapumziko. Kabla ya mchana wakili wa serikali alisimama akainua nakala ya tangazo la gazeti la mwaka 2001. Alisoma neno marehemu, akalisoma tena, akasema familia yenyewe ilitangaza kwamba mtu huyu amefariki, ilimwombolezea na kushukuru watu, kwa hiyo hakuna kinachoendelea, jambo liliisha miaka minne kabla nchi haijajiunga, na mahakama haina mamlaka.

Wakati wa mapumziko, kwenye korido, fundi alimshika wakili mkono akasema, "Nitaapa sikulitoa mimi. Nitasema wamelitengeneza." Kabla wakili hajajibu, marehemu alijibu yeye.

"Hutasema hivyo. Ulimlilia kaka yako au hukumlilia?"

"Nilimlilia, shemeji."

"Basi sema ulimlilia. Hatukuja huku kudanganya. Waliomchukua wamedanganya vya kutosha."

Waliporudi ndani, jaji kiongozi alimwuliza mwombaji kama analitambua tangazo hilo. Marehemu alisimama, na wakili anasema alisimama kama mtu anayetaka kumwita mgonjwa anayefuata. Akasema, "Nalitambua, mheshimiwa. Lilitolewa na shemeji yangu, ni yule pale ameshika kofia. Alikuwa anamlilia kaka yake, na sikumzuia. Lakini shemeji yangu si yeye aliyekuja na gari getini, kwa hiyo hawezi kuwa yeye anayejua mume wangu alipo. Mimi nimekuja kumwuliza anayejua." Kisha akaketi, na wakili wetu akaendelea na hoja za kisheria hadi jioni.

Uamuzi ulisomwa Ijumaa tarehe 26 Machi 2021, kwa njia ya video, tukiwa tumejaa sebuleni kwake mbele ya kompyuta ya mjukuu. Mahakama ilikataa mapingamizi yote. Kuhusu mahakama za nyumbani ilisema kwamba njia iliyochukua miaka ishirini, tangu maombi ya kwanza hadi rufaa, mwombaji hawezi kulaumiwa kwa kutoongeza nyingine juu yake, na muda wa kwenda mbele yao ulihesabiwa tangu rufaa ilipotupwa, hivyo hakuchelewa. Kuhusu tangazo la gazeti ilisema familia inayoomboleza bila mwili wala maelezo haiiondolei dola wajibu wa kusema ilimpeleka wapi mtu iliyemchukua, na kwamba kukosekana kwa maelezo hayo kulikuwa kunaendelea siku nchi ilipojiunga na kunaendelea bado. Mahakama ikatamka kuwa ina mamlaka, na kwamba shauri limepokelewa. Fundi cherehani alitoka nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu, na mtu wa kwanza kumfuata alikuwa marehemu.

Jioni hiyo majirani walifika na vigelegele, wengine wakiwa tayari wamenunua soda, na yeye akawapokea mlangoni akicheka, akasema, "Kwanza kaeni. Sijashinda. Nimeruhusiwa kuingia." Aliwaeleza kwamba sasa ndipo kesi yenyewe inaanza, kwamba mahakama itaangalia kama haki zilivunjwa, na ikiona hivyo inaweza kuiamuru serikali ichunguze, iseme, na irudishe kwa familia kile kilichopo cha kurudishwa. Soda zilinywewa hata hivyo.

Afya yake ilianza kuyumba mwishoni mwa mwaka huo, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na vipimo vikaonyesha kwamba moyo ulikuwa umepanuka na kuchoka. Alilazwa mwezi Februari mwaka huu, akaruhusiwa, akalazwa tena mwezi Agosti, na mara ya mwisho tarehe 28 Oktoba, katika wodi iliyo juu ya mapokezi yale yale aliyofanyia kazi. Aliwasumbua wauguzi kwa kuwauliza nani ameangalia watu walioko kwenye benchi chini, hadi mmoja wao akamwambia, "Sista Kwanza, na wewe kwanza lala," na hilo analikumbuka kila mtu wa zamu ile kwa sababu alitii.

Wiki moja kabla ya kufariki alimwita wakili, akamwuliza swali moja tu, kama yeye akiondoka, shauri nalo linaondoka. Wakili alimjibu kwamba haliondoki, mradi warithi waiandikie mahakama kwamba wanaendelea nalo kwa nafasi yake. Marehemu aligeuza uso kwa watoto wake, waliokuwa wamesimama upande wa dirisha, akasema, "Mmesikia?" Aliyejibu kwanza alikuwa mwanawe mkubwa, yule aliyewahi kumwomba waache. Alisema, "Tumesikia, mama."

Dada yetu alifariki Jumatano tarehe 9 Novemba 2022, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Alhamisi, kabla ya turubai kufungwa hapa uani, watoto wake watatu walikwenda katika ofisi ile juu ya duka la viatu, wakatia saini maombi ya kuendelea na shauri, mwanawe mkubwa akiwa wa kwanza kuandika jina lake, na jana mchana wakili ametuarifu kwamba yamefika.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, ambao walimhudumia mwenzao bila kumwonyesha kuwa wanajua anachokijua yeye, ninawashukuru wafanyakazi wa mapokezi, hasa wale waliobadilishana naye zamu kila tarehe ya mahakama na ambao wengine wamestaafu bila kuzidai zamu hizo, ninamshukuru wakili, ninaishukuru familia ya bawabu, aliyetoa maelezo yake kwa kiapo na kuyarudia alipoulizwa tena, ninawashukuru mafundi wa zamani wa kiwanda cha chupa waliobeba jeneza, na majirani ambao tangu Jumatano hawajaliacha jiko lizimike.

Baada ya hapa tutakwenda makaburini. Mtaona kwamba kaburi limechimbwa upande wa kushoto wa eneo letu, na upande wa kulia hapajaguswa. Marehemu alilipia sehemu zote mbili mwenyewe. Jana mlinzi wa makaburi alitaka kuutumia upande huo kuweka kifusi, akauliza una nini, na aliyemjibu ni fundi cherehani, yule yule wa tangazo. Alimwambia, "Ondoa udongo wako, bwana. Hapo pana mwenyewe, bado hatujaambiwa wamemweka wapi."

Dada, umetuachia benchi, na sisi tumeshakaa, na hatuinuki mpaka tuitwe. Wewe zamu yako imekwisha. Pumzika sasa, Sista Kwanza, pumzika kwa amani, kazi iliyobaki ina wenyewe.